Teremsha Taratibu

Mtu wa kwanza kumshuku Sijaona alikuwa shangazi yake mwenyewe. Mwanamkuu alikuwa ametoka kuokota kuni ukingoni mwa mikoko ya Mtunduni, maji yamekupwa, akamkuta binti wa kaka yake amelala kifudifudi topeni, hedifoni masikioni, waya mwembamba umetumbukia kwenye tundu la kaa.

"Sija! Umeanguka?"

"Hapana, shangazi. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini humo?"

"Kaa."

Mwanamkuu aliutazama ule waya, kisha akageuka kuona kama kuna mtu mwingine anayeangalia. Kaa wa Mtunduni hukamatwa, hufungwa kamba, hupelekwa kwa wanunuzi wa Nyamisati. Hakuna anayewasikiliza.

"Inuka," alisema. "Na hicho kidude kifiche, watu wasikione."

Hakuwa na makosa kusema vile. Delta na Kibiti yote ilipita kwenye miaka mibaya, miaka ambayo watu waliuawa na wengine walitoka majumbani wasirudi, na kila mtu akawa anajiuliza jirani yake anapeleka maneno wapi. Miaka ile iliisha. Barabara ikachangamka, maduka yakafunguliwa mpaka usiku. Lakini ile tabia haikuondoka. Mpaka leo mtu akiuliza swali moja kupita kiasi, wenzake hunyamaza. Sembuse mtu anayetembea na kinasa sauti.

Sijaona alikuwa anakaribia miaka thelathini, hajaolewa, anafanya kazi kwenye steshenari ya Haitham karibu na stendi ya Kibiti. Alichapa barua za maombi, alitoa fotokopi, alipiga picha za paspoti. Haitham alikuwa kijana wa ukoo wa wafanyabiashara waliohamia mjini kutoka delta, mpole, mwenye maneno mengi. Alimwachia kompyuta ya dukani kila kazi inapopungua. Humo ndani Sijaona alikuta programu ya kutengeneza muziki, akaanza kuichezea, na tangu hapo hakuiacha.

Hakuimba. Hakujua gitaa wala kinanda. Alichofanya ni kuchukua sauti, kuzikatakata, kuzivuta, kuzirudia mpaka zikawa ngoma. Mchi kwenye kinu. Mashine ya kukoboa mpunga. Mlango wa bati unaogongwa na upepo. Baba yake, mkulima wa korosho kule Mtawanya, alisikia kipande kimoja akauliza kama feni imeharibika.

Siku moja alikwenda Mloka kurekodi madebe ambayo wakulima hupiga kufukuza tembo mashambani. Mzee mmoja akamfuata akiwa na debe lake mkononi.

"Wewe ndiye wa fidia?"

"Hapana, baba."

"Basi ni wa hifadhi."

"Wala. Narekodi tu madebe."

"Mtu hatoki Kibiti mpaka huku kwa ajili ya debe," alisema, akaondoka na debe lake, na hakulipiga tena mpaka Sijaona alipopanda gari.

Nyimbo zake alizipakia mtandaoni kwa jina la Topeni. Hakuweka sura. Aliweka picha ya tope lenye alama za miguu ya kaa, basi. Mwanzoni walisikiliza watu wachache, wengi wao wa nchi za mbali. Kisha ukaja ule wimbo mmoja.

Alfajiri moja huko Mtunduni alikuwa amefunga kinasa sauti kwenye tawi la mkoko ili apate ndege na maji yanayoingia. Alipokuja kusikiliza Kibiti, akakuta chini ya ndege kuna sauti za wanaume kutoka ng'ambo ya kijito. Mmoja alikuwa anaongoza wenzake kwa sauti nzito, yenye mkwaruzo: "Teremsha... taratibu. Teremsha... taratibu." Kila baada ya neno kilifuata kishindo kidogo, kama kitu kinachotua ndani ya boti.

Aliitambua sauti ile. Ilikuwa ya Feisal, mtoto wa shangazi Mwanamkuu, aliyekua naye. Alicheka peke yake dukani. Alidhani wanapakia matenga ya samaki. Hakujiuliza kwa nini samaki wapakiwe taratibu namna ile. Akaikata sauti, akaiweka juu ya mdundo wa kaa na maji, akaupa wimbo jina la maneno yaleyale.

"Teremsha Taratibu" ilianzia Nairobi, kwa mpiga muziki mmoja wa kwenye kumbi za starehe. Kisha vijana wakaanza kuucheza kwenye video fupi, wanashuka kiuno polepole mpaka chini. Baada ya muda hukuweza kununua nyanya Kibiti bila kuusikia kwenye spika ya bodaboda. Makondakta waliwaambia abiria wazee, "Teremsha taratibu." Kwenye harusi wanawake walimwambia bibi harusi hivyohivyo, wakaangua vicheko.

Ikaja barua pepe kutoka kampuni ndogo ya ng'ambo, wanataka kuutoa wimbo kwenye santuri. Sijaona alijua moja kwa moja kwamba ni matapeli. Haitham naye alijua.

"Wakikuuliza namba ya siri ya simu, ujue ndio wenyewe," alisema.

Hawakuuliza. Waliuliza anakoishi ili wamtumie mkataba, na mkataba ukaja kweli, na santuri zikatoka kweli. Hapo ndipo watu walipoanza kutaka kujua Topeni ni nani.

Mtandaoni kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema ni Mzungu aliyejificha nyuma ya jina la Kiswahili. Wengine walisema hakuna mtu kabisa, ni kompyuta imejitungia. Sijaona aliyasoma yote dukani, mteja akisubiri fotokopi mbele yake. Mwishowe akakubali kwenda kwenye kituo kimoja cha redio Dar es Salaam, akajitokeza kwa jina na kwa sura, mtandio kichwani, mikono juu ya meza.

"Sasa tuambie," alisema mtangazaji, "nani hasa anakutengenezea?"

"Natengeneza mwenyewe."

"Sawa. Lakini ile midundo, nani anakusaidia?"

"Hakuna."

"Tumesikia kuna kaka mmoja ana steshenari."

Sijaona aliondoa mikono mezani. Njiani kurudi alikuwa anawaza wamesikia wapi habari za Haitham. Alikumbuka kwamba siku za karibuni Haitham, akizungumza na wateja, alikuwa anasema "wimbo wetu". Hakumuuliza. Lakini siku ileile alibadilisha neno la siri la mafaili yake kwenye kompyuta ya duka.

Haikupita wiki, askari wa misitu wakaingia kwenye kijito cha Mtunduni na kukuta boti imejaa boriti za mikoko zisizo na kibali. Wanaume wengine walijitupa majini wakapotelea kwenye miti. Feisal, aliyekuwa anashika injini, alikamatwa.

Sijaona alipata habari kwa simu ya shangazi yake. Hakukuwa na salamu.

"Sija, ile sauti kwenye wimbo wako ni ya Feisal?"

"Ndiyo, shangazi, lakini—"

"Basi." Simu ikakatwa.

Mtunduni kote wakasema Sijaona ndiye aliyeuza. Nani hajui sauti ya Feisal? Binti anakuja, anatega mashine kwenye miti, anarudi mjini, anasikika redioni, na papo hapo askari wanafika. Mwenyekiti wa kijiji, Nurdini, alilisema mbele ya mkutano. Alisema yule binti alikuja kunasa sauti, na sasa sauti imewanasa watu. Watu waliyarudia maneno yale mpaka yakafika Kibiti, na mpaka Mtawanya, ambako baba yake Sijaona aliacha kwenda msikiti wa karibu, akawa anaswali nyumbani.

Sijaona mwenyewe alianza kujishuku. Je, kuna mtu wa serikali aliyesikiliza akaelewa? Alifunga mlango wa chumba cha nyuma cha duka mchana kweupe, akafungua ile rekodi ya kwanza, nzima, ambayo hakuwahi kuisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amechukua kipande alichokipenda na kuiacha sehemu iliyobaki.

Ndege. Maji. Feisal na teremsha yake. Vishindo, na sasa alisikia kwamba ni mti juu ya mti. Kisha boti kuwashwa, kuzimwa. Kisha mtu akasafisha koo mara mbili, namna ambayo Mtunduni yote inaifahamu.

"Haya, wanangu," ilisema sauti ya Nurdini, karibu kabisa na tawi. "Msipite gatini. Piteni kule kwa chini. Mimi nitakuwa msikitini, sijui lolote."

Sijaona alivua hedifoni akakaa.

Nurdini alikuja dukani siku chache baadaye. Alikuwa amevaa kanzu safi, ana kitambulisho mkononi, anataka fotokopi.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Shughuli zako tunazisikia." Alisubiri mashine ivume, kisha akasema polepole, "Ile mashine yako nyingine, ile ya kule kwetu. Huwa inaweka kila kitu?"

"Inaweka inachosikia."

"Na usichokitumia, unakitupa?"

Sijaona alimpa karatasi yake. "Inategemea."

"Tupa," alisema Nurdini, na akasafisha koo. "Umekuwa mtu mkubwa sasa. Takataka za nini?" Akatabasamu, akamuaga Haitham kwa jina, akatoka.

Haitham alikuwa amesimama mlango wa nyuma. Sijaona alimgeukia.

"Nani kamwambia kwamba situpi?"

"Sija..."

"Nakuuliza."

Haitham aliangalia sakafu. "Mjomba wangu yuko kule Mtunduni, jirani yake. Aliniuliza unafanyaje kazi. Nikamwambia wewe hutupi sauti hata moja, una maktaba nzima. Nilikuwa nakusifia, Sija. Wallahi nilikuwa nakusifia."

"Na redioni walikujuaje?"

"Niliwaandikia mimi. Nilitaka wakuite." Machozi yalimlengalenga. "Sikusema nimetengeneza. Nilisema niko duka moja na wewe."

Sijaona alimwamini, lakini si kwa yote. Alinakili ile rekodi kwenye flashi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka mapema.

Aliomba kumwona Feisal mahabusu. Alimkuta amekonda, ndevu zimeota ovyo. Walikaa pande mbili za meza, askari akiwa mlangoni.

"Nilikuchukia," alisema Feisal. "Siku za mwanzo nilikuchukia sana. Humu ndani wanaupiga ule wimbo kwa midomo, unajua? Wananiita Teremsha."

"Sikujua ni boriti. Nilidhani samaki."

"Najua. Ungejua usingeiweka." Alijikuna shingo. "Baadaye nikakaa nikawaza. Wale askari hawakutafuta, Sija. Walikuja moja kwa moja kwenye kijito kile, maji yalipoanza tu kujaa. Wimbo hausemi kijito. Wimbo hausemi siku."

"Nani alikuwa anajua siku?"

Feisal alimtazama yule askari, kisha akainamisha kichwa. "Tulikuwa tumegombana. Nilimwambia mtu fulani kwamba safari hiyo ni ya mwisho, sitaki tena kazi yake. Wewe si ndiye msikilizaji? Umesikia?"

"Nimesikia. Yumo."

Feisal alifumba macho kidogo. "Usipeleke polisi. Usipeleke mtandaoni, nakuomba, utakuwa kweli kama wanavyokusema. Mpelekee mama. Yeye aamue."

Kesho yake Sijaona alipanda boti Nyamisati. Waliokuwa wamekaa karibu na nafasi yake walisogea. Mwanaume mmoja alimwomba aweke mkoba wake mbele, pale ambapo kila mtu anauona, na akauweka. Njia nzima hakuna aliyezungumza jambo lolote zaidi ya injini na jua.

Mwanamkuu aliitikia salamu kwa neno moja. Hakumkaribisha ndani. Sijaona akakaa kizingitini, akatoa kompyuta ndogo aliyoinunua kwa fedha za wimbo, akachomeka flashi.

"Shangazi, sikuja kujitetea. Feisal kanituma. Sikiliza mpaka mwisho."

Mwanamkuu alivishwa hedifoni juu ya ushungi. Uso wake haukuonyesha kitu. Sauti ya mwanawe ilipopita, vidole vyake vilishika kizingiti. Ilipofika mwisho alifanya ishara ya kurudia. Alisikiliza tena, na tena.

"Huyu alikuja hapa," alisema hatimaye. "Siku waliyomchukua Feisal. Alikaa mahali ulipokaa wewe, akalia na mimi. Akala wali wangu. Akaniambia, 'Damu yako mwenyewe ndiyo iliyokuuza.'"

Aliingia ndani akabadilisha kanga. "Twende."

"Wapi?"

"Kwake. Saa hizi, watu wakiona."

Nurdini alikuwa barazani kwake na wanaume wachache, miongoni mwao Saadi, anayeadhini msikitini. Vikombe vya kahawa vilikuwa katikati yao. Mwanamkuu hakukaa.

"Mwenyekiti, huyu mtoto ana sauti yako kwenye mashine yake. Sikuja kuwasikilizisha watu. Nimekuja kukuuliza mbele ya hawa: utakwenda kumwambia hakimu mwanangu alikuwa anafanya kazi ya nani, au huendi?"

Wanaume walitazamana. Nurdini alicheka, akageuza mikono juu.

"Jamani. Kompyuta siku hizi inatengeneza sauti ya mtu yeyote. Nyinyi hamuoni kwenye simu? Marais wanaimbishwa taarab. Huyu binti kazi yake ndiyo hiyo, kukatakata sauti na kuziunga. Ameshindwa nini kuniunga mimi?"

"Kweli," alisema mmoja wa wale wanaume. "Hata mimi nimeona."

Kwa miezi mingi watu walikuwa wamemwambia Sijaona kwamba hakutengeneza kitu alichokitengeneza. Sasa alikuwa anaambiwa ametengeneza kitu ambacho hakukigusa. Alitaka kueleza, lakini angeeleza nini? Kila atakachosema kuhusu mashine kingewaongezea shaka.

"Uongo mtupu," Nurdini aliendelea, sasa kwa nguvu zaidi. "Mimi alfajiri ile nilikuwa msikitini. Saadi huyu hapa shahidi."

"Alfajiri ipi?" aliuliza Mwanamkuu.

Nurdini alisafisha koo.

"Nakuuliza, mwenyekiti. Mimi sijataja alfajiri. Sijasema sauti inasema nini wala ilinaswa lini. Alfajiri ipi?"

Saadi alikuwa anaangalia ndala zake. Angeweza kusema, "Ndiyo, nilikuwa naye." Neno moja tu lingetosha. Hakulisema. Aliinuka, akasema anawahi maji ya udhu, ingawa adhuhuri ilikuwa bado, akaondoka bila kuaga. Na baada yake akaondoka mwingine.

Nurdini hakwenda mahakamani. Lakini kesi ilipotajwa tena, wanaume wawili waliojitupa majini siku ile walijitokeza wenyewe Kibiti wakaeleza ni nani aliyekuwa anawatuma. Haikujulikana nani aliwashawishi. Mtunduni walisema ni Saadi, na Saadi alikanusha. Feisal alipewa kifungo cha nje. Kila asubuhi alifagia viwanja vya umma mjini, na vijana waliopita na bodaboda walimpigia ule wimbo kwa makusudi. Nurdini alihojiwa, akarudi, akakaa nyumbani kwake. Kijiji kikapata mwenyekiti mwingine. Nurdini bado huswali safu ya mbele, na bado huitikia salamu.

Sijaona alitaka kuitoa sauti ya Feisal kwenye wimbo. Alimkuta na fagio lake chini ya kivuli cha ukuta, akamwambia.

"Ukiitoa watasema ulikuwa na la kuficha," alisema Feisal. "Iache. Ila uniandike jina langu."

Akamwandika. Tangu hapo hakutega tena kinasa mahali bila kuomba ruhusa, na wengi humnyima. Aliacha kazi kwa Haitham. Waliachana kwa amani, na bado anampigia simu kompyuta ikimsumbua, ingawa neno la siri hajampa. Alipotumbuiza Zanzibar, waandaaji waliweka kamera juu ya mikono yake ili watazamaji waone kwenye skrini kubwa kila sauti anavyoikata. Watu walicheza mpaka jasho likawatoka. Alipomaliza, msichana mmoja alimfuata nyuma ya jukwaa kwa furaha, akamkumbatia, kisha akamnong'oneza, "Lakini kweli ni wewe mwenyewe?"

Mfungo ulipokaribia alikwenda Mtunduni kumwona shangazi yake. Karibu na gati wanawake walikuwa wanaanika kamba wa baharini juani, wanazungumza kwa sauti za juu, Habiba jirani wa Mwanamkuu akiwa katikati anasimulia jambo kwa mikono yote miwili. Walipouona mkoba wa Sijaona wakanyamaza, na mikono ya Habiba ikashuka.

Sijaona aliwasalimu. Akautua mkoba mchangani, akaufungua, akawaonyesha: kanga, sukari, tende.

"Leo sikuja nacho," alisema.

"Karibu, mwanangu," Habiba alijibu, akamsogezea mkeka.

Alikaa akaanza kuwasaidia kutandaza kamba. Baada ya kitambo wanawake walianza tena kuzungumza. Lakini kile kisa Habiba hakukimalizia. Walizungumzia mvua.